Ndege-shabaha za bei nafuu: ipi inunuliwe, ipi ikodiwe, ipi iachwe

Mwulize mhasibu wa jeshi, atakwambia ndege-shabaha nzuri ni ile inayorudi. Mwulize mpiga mzinga, atakwambia nzuri ni ile aliyoiangusha wenzake wakiona. Zabuni ya vyombo hivi inakaa katikati ya watu hawa wawili, na kamati inayomsikiliza mmoja wao peke yake hujikuta mwaka wa pili ina stoo iliyojaa vyombo ambavyo hakuna anayethubutu kuvifyatulia, au haina chombo hata kimoja.

Ndege-shabaha ni droni inayorushwa makusudi ili ilengwe. Vikosi vya kutungua ndege, meli za kivita na marubani wa ndege za kivita wote wanaihitaji. Simuleta, yaani mtambo wa kuigizia mapigano, humfundisha askari hatua za kufuata, lakini haimfundishi moshi wa mzinga wake mwenyewe kumziba macho, wala jua kumwakia usoni huku kitu cha kweli kikimjia.

Kazi hii ni ya zamani kuliko droni zote tunazozisikia kwenye taarifa ya habari. Mwaka 1935 Waingereza waliunda ndege iliyotokana na ile ya mafunzo ya Tiger Moth, ikaongozwa kwa redio kutoka chini, wakaiita Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Wengi huamini ndiko lilikotoka neno droni, ambalo kwa Kiingereza maana yake ya asili ni nyuki dume. Kwa hiyo wanaosema "ndege nyuki" hawajapotea njia hata kidogo. Huko Marekani, mwigizaji wa filamu mzaliwa wa Uingereza, Reginald Denny, na kampuni yake ya Radioplane walitengeneza ndogo zaidi kwa ajili ya wapiga mizinga, na hadi Vita Kuu ya Pili inakwisha zilikuwa zimetoka kiwandani karibu 15,000. Binti mmoja aliyekuwa kibarua humo alipigwa picha na mpiga picha wa jeshi. Baadaye dunia ikamjua kwa jina la Marilyn Monroe. Lakini cha kukumbuka hapo ni ile 15,000. Tangu mwanzo hiki kilikuwa chombo cha kutumiwa kwa wingi na kuharibiwa kwa wingi.

Soksi ya kuvutwa, au droni?

Kabla ya kulinganisha droni na droni, malizana kwanza na soksi. Njia ya kale ni ndege yenye rubani kuvuta kitambaa kirefu kama soksi kwenye kebo ndefu, wapiga mizinga wakakilenga. Kitambaa ni rahisi, kebo ni rahisi, na matundu unayahesabu kwa macho yako kitambaa kikishadondoshwa. Zamani risasi zilipakwa rangi, kila mpigaji na yake, ili tundu libaki na alama na ubishi uishe hapo hapo.

Ubaya wake ni kwamba ndege inayovuta ina mtu ndani, na saa zake za kuruka zina bei yake. Tena inapita njia moja, kimo kimoja, mwendo mmoja, na haiwezi kumjia mpiga mzinga usoni kwa sababu rubani ametangulia mbele ya kitambaa. Askari anajifunza kutungua kitu kinachokatiza pembeni kwa adabu. Adui haji hivyo. Soksi bado inafaa kwa kuwaanzisha askari wapya na kwa mizinga ya meli, ila usinunue ndege kwa ajili yake. Kama ndege ipo na kebo ipo, tumia. Kama haipo, pesa hiyo iende kwenye droni.

Za propela: Banshee na Outlaw

Hapa ndipo majeshi mengi yenye bajeti ya kawaida yanapoishia, na nakiri kwamba miaka kadhaa iliyopita ningesema hapa ni mahali pa kupita tu. Sasa sisemi hivyo.

Banshee ni ya Uingereza, ilianza miaka ya 1980, na nyumbani kwake ni Ashford, katika jimbo la Kent. Ilikuwa mali ya kampuni ya Meggitt mpaka mwishoni mwa 2016, kampuni ya QinetiQ ilipoinunua biashara hiyo ya shabaha. Zaidi ya nchi 40 zimeitumia. Umbo lake ni pembetatu, upana wa mabawa karibu mita 2.5, injini ndogo imekaa nyuma ikisukuma propela, na mwendo wake unapita kilomita 300 kwa saa. Inarushwa kwa manati: reli iliyoinama, chombo kinakaa juu ya kitoroli, kitoroli kinafyatuka, na kabla hujamaliza kugeuza shingo kimeshakuwa hewani. Kurudi, injini inazimwa, parachuti inafunguka, kinashuka kikining'inia kama embe kwenye kikonyo.

Outlaw inatengenezwa na Griffon Aerospace wa Madison, Alabama, na jeshi la nchi kavu la Marekani linaiita MQM-170. Hii ina sura ya ndege ya kawaida iliyopunguzwa: mabawa marefu ya mita 4 na ushee, mwendo wa taratibu kuliko Banshee. Nayo inarushwa kwa manati ya hewa, ila kurudi inaweza kutua kwa tumbo. Wamarekani wameitumia sana kuwafundishia askari wa makombora ya Stinger, yale yanayofyatuliwa kutoka begani.

Weka hizi mbili bega kwa bega. Kwa mtu mwenye uwanja mkubwa wa nchi kavu, tambarare, majani mafupi, kutua kwa tumbo ni baraka: hakuna parachuti ya kukunja, hakuna kuikimbiza porini. Chombo kinachunwa kidogo chini, kinafutwa, kinajazwa mafuta, kinarudi kwenye manati. Kwa mtu anayefyatulia kuelekea baharini, sifa hiyo haina thamani. Huko unataka parachuti, na unataka chombo kinachoelea.

Bahari nayo ina gharama ambazo muuzaji hazitaji mpaka aulizwe. Maji ya chumvi yakiingia kwenye injini, saa zinaanza kuhesabika. Chombo kikiopolewa ni lazima kisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, injini ipulizwe, imiminiwe mafuta ya kuzuia kutu, parachuti ioshwe na kuanikwa mpaka ikauke kabisa kabla ya kukunjwa. Parachuti iliyokunjwa na unyevu hugandamana, na utajua kosa hilo mruko unaofuata, chombo kikishuka kama nazi. Kwa hiyo orodha ya vifaa ina boti ya kuopolea, wapiga mbizi wawili, tangi la maji na banda la kuanikia. Kwenye pwani yetu ongeza upepo: kusi ikikaza, parachuti iliyogusa maji haikai, inaburuza chombo kuelekea usikotaka. Banshee au nyingine yoyote, uliza kama parachuti inajiachia yenyewe chombo kikigusa maji.

Sasa nieleze kwa nini nimebadili mawazo kuhusu propela. Chukua picha ya Banshee, weka kando ya picha ya Shahed-136, droni ya kushambulia ya Iran. Zote pembetatu, zote propela iko nyuma, zote upana wa karibu mita 2.5. Banshee ilichorwa zaidi ya miaka 30 kabla. Kulikuwa na wakati shabaha ya propela ilionekana kitu cha kuvumilia tu mpaka bajeti ya jeti ipatikane, maana adui aliyetarajiwa alikuwa ndege ya kivita au kombora la kasi. Tangu 2022 anga la Ukraine limeonyesha sura nyingine: chombo kinachokwenda takriban kilomita 185 kwa saa, kimo cha chini, usiku, kikifuatana na wenzake wengi. Kobe amekuwa hatari kuliko sungura, na jeshi lenye shabaha za sungura pekee halijafanya mazoezi ya kobe.

Wamarekani wenyewe wameliona hilo. Kampuni ya SpektreWorks ya Arizona ilitengeneza FLM 136, ndege-shabaha ya kuiga Shahed. Kutokana na hiyo ikatoka LUCAS, droni ya kushambulia iliyoonyeshwa Pentagon Julai 2025, bei iliyotajwa ikiwa takriban dola 35,000. Shabaha iliiga silaha, kisha shabaha yenyewe ikageuka silaha. Mnunuzi ajue basi kwamba mpaka kati ya vitu hivi viwili ni mwembamba, na makaratasi ya kibali cha kuuziwa yanaufuata mpaka huo. Utaratibu wa kimataifa wa kudhibiti teknolojia ya makombora, ulioanza 1987, unazitaja ndege-shabaha kwa jina. Hati ya mtumiaji wa mwisho itadaiwa, na inaweza kuchukua muda mrefu kuliko kutengeneza chombo chenyewe.

Udhaifu wa propela upo, nao ni wa aina mbili. Kwanza, kwenye rada chombo kidogo cha plastiki na nyuzi huonekana kama ndege wa porini. Dawa yake ni tufe la tabaka nyingi, lenye ukubwa wa dafu hivi, linalofichwa puani. Mawimbi ya rada yakiingia humo yanarudishwa yalikotoka, na kichombo kidogo kinasomeka kwenye kioo kama ndege kubwa. Tufe hilo ni bei ndogo kulinganisha na chombo, lakini wapo wanaonunua chombo wakalisahau. Pili, injini ya propela haina joto la kutosha kumvutia "macho" ya kombora la begani. Stinger au Igla inatafuta joto. Ukiipa Banshee tupu inaweza isishike. Hapo hufungwa fataki za joto kwenye mabawa, zinawashwa kwa redio chombo kikiwa kinakaribia. Fataki zina idadi, zikiisha mruko umekwisha. Ziandike kwenye zabuni kama risasi, kwa maelfu, usiziandike kama vipuri.

Jeti ndogo: inayorudi na isiyorudi

Ukivuka hapo unaingia kwenye jeti ndogo, na swali linabadilika. Kwenye propela karibu kila mtengenezaji anakusudia chombo kirudi. Kwenye jeti ndogo wako wanaosema: kisirudi.

Banshee ina ndugu yake, Jet 80, yenye injini mbili ndogo za jeti, inayofika karibu mita 200 kwa sekunde, yaani kilomita 720 kwa saa. Inatumia manati na mtambo wa kuongozea wa jamii ile ile, na hii ni hoja kubwa kwa jeshi ambalo limeshakuwa na Banshee ya propela: mafundi wako tayari, stoo iko tayari, unanunua chombo tu. Septemba 2021 Banshee za jeti zilirushwa hata kutoka kwenye sitaha ya meli kubwa ya kubeba ndege, HMS Prince of Wales. Airbus nao wana Do-DT25, jeti ndogo ya kundi hilo hilo.

Upande wa pili kuna Abhyas ya India, kazi ya maabara ya jeshi iliyoko Bengaluru. India tayari ilikuwa na Lakshya, jeti kubwa kidogo inayorudi kwa parachuti. Abhyas wameichora kwa mawazo tofauti: inarushwa kwa roketi ya kusukuma, inaruka yenyewe kwa njia iliyopangwa, mwendo wake ni nusu ya kasi ya sauti, na inakwenda bila matumaini ya kurudi. Majaribio yamefanyika Chandipur, jimbo la Odisha, na Juni 2024 wizara yao ya ulinzi ilitangaza kwamba yametimia majaribio 10 yaliyofaulu, sasa kazi inaelekea viwandani.

Ipi nafuu? Turudi kwa mhasibu na mpiga mzinga, safari hii na kalamu. Tarakimu hizi ni za mfano, za kuonyesha njia ya hesabu.

Chombo kisichorudi, tuseme milioni 30. Kila mruko ni milioni 30, basi. Chombo kinachorudi, milioni 150, na kila kinaporudi kinahitaji matengenezo ya milioni 4. Kikiishi miruko 8 kwa wastani, mruko mmoja ni milioni 18.75 ukiongeza 4, jumla 22.75. Kinachorudi kimeshinda. Kikiishi miruko 5 tu, mruko mmoja ni 30 ukiongeza 4, jumla 34. Kinachorudi kimeshindwa. Mpaka uko kabla kidogo ya mruko wa sita.

Na nini kinaamua kama kitaishi miruko 8 au 5? Wapiga mizinga wako. Wakiwa wabovu, chombo ghali kinarudi salama kila siku na mhasibu anafurahi. Wakiiva, wanaanza kukiangusha, na bei ya mruko inapanda. Yaani ukinunua chombo kinachorudi, bajeti yako inakulipa kwa kutofundisha vizuri. Nimeona jambo hili likileta amri ya ajabu kabisa ya mdomo, isiyoandikwa popote: lengeni nyuma kidogo. Askari wa miaka ishirini aliyefundishwa kulenga nyuma kidogo hatasahau upesi.

Kuna njia ya katikati, nayo ni ya zamani. Chombo cha jeti kinavuta nyuma yake, kwa kebo, kishabaha kidogo cha bei rahisi. Kombora linalenga hicho, jeti inarudi nyumbani. Lakshya hufanya kazi hiyo. Ni soksi ile ile ya babu zetu, ila sasa aliyeko mbele hana roho.

Jeti kubwa na ndege kamili

Hapa sitakaa. BQM-167 ya jeshi la anga la Marekani, iliyo kwenye kambi ya Tyndall, Florida, ina urefu wa mita 6, inaweza kuruka futi 50 juu ya maji na ikapanda hadi futi 50,000. Denel wa Afrika Kusini wana Skua, jeti ya kasi iliyo karibu na kasi ya sauti, nayo hurudi kwa parachuti. Juu yao kuna QF-16: ndege za F-16 zilizostaafu, zilizotolewa kwenye uwanja wa ndege kuukuu huko Arizona, zikafungwa mitambo ya kuruka bila mtu. Ya kwanza iliruka bila rubani Septemba 2013, na mwishoni mwa 2016 zile za zamani za QF-4 zikastaafishwa.

Vyombo hivi ni vya kupima makombora mapya na ni vya marubani wa ndege za kivita. Kama jeshi lako halina ndege za kivita zinazofyatua makombora ya rada, wala halitengenezi kombora, huna sababu ya kuuliza bei. Ukialikwa kwenye maonyesho yao nenda, kula chakula chao, rudi nyumbani.

Nani anahesabu?

Kitu kimoja kinakatwa kwanza bajeti ikibanwa, na ndicho kisichotakiwa kukatwa: kifaa cha kupima risasi imepita umbali gani. Chombo bila kifaa hiki ni tamasha. Mizinga inalia, moshi unatanda, chombo kinapita, na wote wanarudi kambini kila mmoja akiapa ni yake iliyokaribia.

Kwa mizinga, kifaa cha kawaida ni cha sauti. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti huacha mlio mkali kama mjeledi. Vipaza sauti vidogo kwenye chombo vinausikia mlio huo, vinapima nguvu yake, na mtambo wa chini unaandika: risasi hii imepita mita 4, upande wa nyuma, chini. Kwa kombora hutumika rada ndogo iliyomo ndani ya chombo. Mwalimu anachapisha karatasi, anambandikia kila mpigaji ukutani. Hapo ndipo somo lilipo. Na kwa kuwa kombora la mafunzo mara nyingi halina baruti kichwani, likipita mita 3 mtambo unahesabu "limepiga", chombo kinarudi, mhasibu na mpiga mzinga wote wawili wamepata chao. Kifaa hiki peke yake kinaondoa nusu ya ugomvi nilioueleza juu.

Kwa hiyo nikipewa kuchagua kati ya jeti 10 zisizo na vipimo na propela 10 zenye vipimo, nachukua propela bila kuomba muda wa kufikiri.

Kununua au kukodi

Waingereza walikata shauri mwaka 2006: badala ya kila jeshi kumiliki shabaha zake, wizara ya ulinzi ilisaini na QinetiQ mkataba wa miaka 20 wa huduma. Kampuni inaleta vyombo vya aina mbalimbali, wafanyakazi wake wanarusha, wanaopoa, wanatengeneza, jeshi linalipia. Banshee ilikuwa mojawapo ya vyombo hivyo, na Mirach ya Kiitaliano kwa kazi za kasi.

Ubora wa kukodi ni kwamba chombo kilichokaa stoo miaka mitatu bila kuruka ni hasara ya kampuni, si yako. Betri zimekufa, mpira wa mafuta umekauka, fataki zimepita muda: mwachie mwenyewe. Ubaya ni kwamba ratiba inakuwa ya kampuni, na siku ya zoezi ikiahirishwa kwa mvua bado unalipa wageni waliolala hotelini. Na kuna jambo la siri: wageni hao wanaona kwa vipimo vyao kabisa jinsi vikosi vyako vinavyolenga.

Kwa jeshi lenye mazoezi ya mara mbili kwa mwaka, nisingechagua upande mmoja. Propela inunuliwe, irushwe na askari wenyewe, kila mwezi kama inawezekana, maana kurusha droni na kuiona kwenye rada ni mafunzo hata kama hakuna risasi iliyotoka. Jeti ikodiwe kwa siku chache za zoezi kubwa. Vikosi vya nchi kadhaa za NATO hufanya kitu cha namna hiyo kwenye uwanja wa makombora wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, karibu na Chania: wanakwenda, wanakuta shabaha ziko tayari, wanafyatua, wanaondoka.

Usalama, ambao haumo kwenye bei

Tarehe 16 Novemba 2013, nje ya pwani ya California, meli ya kivita USS Chancellorsville ilikuwa kwenye majaribio ya rada. Shabaha yake, BQM-74, ilitakiwa kupita. Haikupita. Iliingia ubavuni mwa meli, mabaharia wawili wakajeruhiwa, na matengenezo yakafika takriban dola milioni 30. Hakukuwa na adui wala baruti: chombo cha mafunzo tu, kilichokosa kutii redio.

Na miaka kumi na miwili kabla ya hapo lilitokea lililo baya zaidi. Tarehe 4 Oktoba 2001 jeshi la Ukraine lilikuwa kwenye mazoezi huko Krimea, likifyatulia droni ya shabaha. Kombora la S-200 lilipita shabaha yake likaendelea juu ya Bahari Nyeusi mpaka kwenye ndege ya abiria ya Siberia Airlines iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Novosibirsk. Watu 78 wakafa.

Visa hivi viwili vina maswali mawili tofauti, na zabuni iyabebe yote. La kwanza ni la muuzaji: chombo kikipoteza mawasiliano kinafanya nini, na baada ya sekunde ngapi? Jibu linalokubalika ni kwamba kinazima injini na kufungua parachuti chenyewe, na kuna mtu wa usalama mwenye redio ya pili, asiye chini ya amri ya anayeongoza chombo. La pili si la muuzaji, ni lako: kombora lako linafika wapi likikosa? Eneo la hatari linapimwa kwa uwezo wa kombora, si kwa umbali wa shabaha. Shabaha ya propela inayozunguka kilomita 5 kutoka ufukweni haipunguzi hata mita moja ya eneo ambalo ngalawa na majahazi lazima yaondolewe, wala ya anga ambalo marubani wa abiria lazima watangaziwe mapema.

Kwa hiyo, nani achukue nini

Kikosi cha mizinga ya kutungua ndege, na cha kulinda viwanja vya ndege au bandari dhidi ya droni: propela, ya umbo la pembetatu, yenye kipimo cha sauti. Nunua nyingi, ruka mara nyingi, na omba uwezo wa kurusha tatu au nne kwa pamoja, kwa sababu moja peke yake haifundishi kugawana shabaha.

Kikosi cha makombora ya begani: propela hiyo hiyo, pesa za ziada ziende kwenye fataki za joto. Jeti ndogo ni nzuri zaidi kwao kwa joto lake la asili, na kama kuna pesa ya kukodi siku tatu za jeti kwa mwaka, siku hizo wapewe wao kwanza.

Meli na makombora ya masafa ya kati: jeti ndogo. Hapa ndipo chombo kisichorudi kinapata hoja, hasa kama bahari ni ya mawimbi na boti za kuopolea ni chache. Piga ile hesabu ya miruko kwa kumbukumbu zako mwenyewe za mazoezi matatu yaliyopita, usipige kwa kijitabu cha muuzaji.

Na kabla ya kusaini, usikubali onyesho la mruko mmoja. Kila kitu huruka mara moja. Andika kwenye masharti kwamba chombo kitaruka asubuhi, kitarudi, kitasafishwa na kuandaliwa na mafundi wako, parachuti itakunjwa na askari wako kwa mikono yao, na kitaruka tena kabla ya saa kumi jioni. Muuzaji akisema mruko wa pili unahitaji fundi kutoka kiwandani, usigombane naye. Chukua tiketi ya fundi huyo, hoteli yake na posho yake, vigawe kwa miruko ya mwaka, kisha urudi kwenye ile milioni 22.75 uanze kujumlisha upya.